Jasho la Baruti

Sila alikuwa mwoga. Tuanze hapo, maana watu wa Miyuji wangeanza hapo hata usipowauliza, na wangecheka mpaka washike mbavu. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mabega yamejaa, mwenye sauti nzito ya kuimbia kanisani, lakini hakuvuka korongo kabla hajatupa jiwe akasikiliza, wala hakulala ndani ya tembe kabla hajagonga nguzo za paa moja baada ya nyingine. Akikaribishwa kivulini chini ya mwamba, atautazama ule mwamba juu, atautazama chini, halafu atasema jua la leo si kali kiasi hicho, akakae zake juani. Walimwita Sila Subiri, kwa kuwa neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Mimi nasema hivi: wengi wa waliomcheka walizeeka na vidole vyao vyote, na hawakujiuliza hata siku moja ni kwa nini.

Woga wake ulikuwa na chanzo. Mama yao alifariki Hana angali ananyonya, na Sila, kaka mtu, ndiye aliyemlea yule mtoto kwa uji na maziwa ya kuombaomba, usiku akiamka kumwekea mkono puani kuona kama anapumua. Ukishalea hivyo, woga hauondoki tena. Halafu ikaja reli. Sila akaandikwa kibarua wa kupasua miamba huko Kilosa wakati Wajerumani wanaipandisha reli kuja bara, na huko alikuwa na rafiki aitwaye Yoramu, mtu wa maskhara, asiyeogopa kitu. Siku moja utambi wa baruti ulikawia. Yoramu akasema umezima, akaenda kuchungulia. Haukuwa umezima. Sila alimzika rafiki yake kwenye kikapu, na kikapu hakikujaa.

Basi reli ilipofika Dodoma, na mawe yakatakiwa kwa ajili ya stesheni na nyumba za wakubwa, machimbo yakafunguliwa kwenye vilima vya Miyuji. Mzungu wa machimbo alitaka mtu wa kutunza ghala la baruti. Wakajitokeza mashujaa, vifua mbele. Bwana yule hakuwa mjinga, akawapita wote akauliza nani hapa anaiogopa baruti kuliko wenzake. Watu wakacheka, wakamsukuma Sila mbele.

Ghala lenyewe lilikuwa kibanda cha mawe chenye paa la bati, na ndani masanduku ya mbao yaliyopangwa mpaka usawa wa kifua. Bwana alimpa Sila masharti yake mbele ya mnyapara Abbasi, Mrangi wa Kondoa aliyetembea na misafara ya pwani mpaka Kiswahili chake kikanyooka. Kijerumani chake kilikuwa cha kuokoteza. Moto usiingie, chuma kisigonge, hayo yalieleweka. Sharti la tatu Bwana alilisema kwa maneno mengi, akisuguasugua kidole gumba na kidole cha shahada kama mtu anayepima utelezi wa kitu, na sura yake ilikuwa imebadilika. Abbasi alisikiliza, akakuna shingo, akayageuza maneno yote yale kuwa machache: siku utakayoona baruti inatoka jasho, usiiguse, mwite Bwana mara moja.

Sila akalishika neno hilo kama sala. Jasho. Kila asubuhi alifungua sanduku, akainama, akaangalia vile vijiti vilivyofungwa kwa karatasi, akitafuta matone ya maji kama yale yanayomtoka mtu kwenye paji la uso. Hakuyaona. Alichopata ni kichwa. Ukishika baruti kwa mikono mitupu kichwa kinagonga, moyo unakimbia, macho yanaumwa na mwangaza, mpaka unatamani kujilaza kwenye udongo wa baridi. Vibarua wote waliogusa vijiti vile walikijua, na walikuwa na jina lake: kichwa cha baruti.

Sasa, mwoga mwenye kazi ya kulinda hatari ana tabu moja kubwa. Anaita sana. Siku moja Sila alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akapiga ukelele, machimbo yakatawanyika, kumbe ni tumbaku ya mzee mmoja nyuma ya mwamba. Siku nyingine akasikia mchakacho ndani ya ghala, akapiga ukelele, watu wakakimbia mpaka nguo zikawatoka, akatoka kenge mnene akijiendea zake. Vicheko vikageuka manung'uniko, maana kila kazi iliposimama Abbasi alitukanwa na Bwana, na Abbasi hakuwa mtu wa kutukanwa akalala nalo. Bwana mwenyewe akaamua. Sila akisimamisha kazi tena bila sababu, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Nani asiyeijua hamsa ishirini zamani zile? Unalazwa kifudifudi juu ya pipa, mmoja anakushika mikono, mwingine miguu, na kiboko kinahesabiwa kwa sauti. Sila alishawahi kumwona mtu akitoka kwenye pipa. Tangu siku hiyo ukelele alikuwa nao kooni, ameubana.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Ng'ombe walikuwa mifupa na ngozi, samli ikawa hadithi, na mafuta ya kujipaka yakaadimika hata kwa wenye mifugo. Mgogo bila mafuta mwilini anajiona hajavaa. Hana, yule mtoto wa uji, alikuwa sasa mke wa mtu na mjamzito. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, na hii ya pili ilikuwa imefika miezi ya mwisho, tumbo limevimba, ngozi inamuwasha na kupasuka kwa ukavu. Mumewe aliitwa Elieza, naye alifanya kazi machimboni pale pale. Yeye ndiye aliyekuwa akishuka na kigari cha mawe kwenye reli ndogo kutoka mlimani hadi bondeni, amesimama nyuma, ameshikilia mti wa breki. Hana alipomruhusu mumewe kwenda kazi ile alimwambia kaka yake neno moja tu, kwamba mtoto wake asizaliwe bila baba. Sila akaitikia, na usingizi wake ukapungua zaidi.

Kigari nacho kilikosa mafuta. Magurudumu yalilia mteremko mzima, kilio cha kukera meno, na Abbasi akamwambia Elieza atafute cha kupaka popote anapojua, hataki kusikia kelele hizo tena.

Ndipo Elieza alipopita ghalani jioni moja kuokota mbao. Masanduku yaliyokwisha baruti yalitupwa nje, na ndani yake yalikuwa na bati jembamba la kuzuia unyevu. Elieza akainamisha moja, akaona chini ya bati kitu kinang'aa, kizito, cha rangi ya manjano hafifu. Akainamisha la pili, nalo lilikuwa hivyo hivyo. Yale masanduku ya chini yalikaa kwenye joto la bati tangu mwaka jana. Akampigia Sila kelele, akauliza mafuta haya ni ya nani.

Sila alikuwa anafunga mlango, na mlango wa ghala alikuwa anaufunga, anausukuma, anaufungua, anaufunga tena. Hakugeuka. Akajibu kwamba yeye ameambiwa aangalie jasho, habari za mafuta hazijui. Elieza akacheka, akayamimina kwenye kibuyu taratibu asipoteze hata tone, akaenda zake anapiga mluzi.

Kesho yake asubuhi kigari hakikulia, kwa sababu kilikuwa bado hakijatembea. Kilisimama juu ya mteremko kikipakiwa mawe, na Elieza alikuwa ameshakipaka kwa kiganja, gurudumu kwa gurudumu, akisukumia mafuta ndani kabisa kwenye mhimili. Jua lilipopanda alikuja ghalani kuomba maji. Akakaa chini, akajishika kichwa. Akasema, shemeji, leo sijui nimeamkaje, kichwa kinanigonga kama ngoma, na moyo unakimbia nami nimekaa tu. Mwangaza wote huu unaniuma macho.

Sila akampa maji. Akamtazama. Akamwambia hicho ni kichwa cha baruti, umeshika baruti wewe. Elieza akasema hajashika baruti tangu azaliwe, yeye ni mtu wa kigari.

Hapo Sila akamsogelea. Akamwambia nipe mkono. Akakigeuza kiganja cha shemeji yake juani. Kilikuwa kinang'aa, kinateleza, na Sila akasuguasugua kidole gumba na kidole cha shahada, akamkumbuka Bwana siku ile akifanya vivyo hivyo huku sura imembadilika. Halikuwa jasho la maji. Baruti inatoka jasho la mafuta. Lilikuwa mbele ya macho yake, na yeye alikuwa akitafuta matone ya chumvi.

Mlimani wakapiga filimbi. Kigari kimejaa. Elieza akainuka, akajipangusa, akaanza kupanda.

Msidhani Sila aliruka pale pale kama simba. Alikaa. Alifikiri pipa. Alifikiri kenge na tumbaku, akafikiri labda ni homa tu, labda Elieza amekunywa pombe mbovu, na ukelele ukabaki kooni unamsonga. Kisha akamwona Elieza ameshika mti wa breki. Ukelele ukatoka. Ulitoka mkubwa kuliko yote aliyowahi kupiga, naye nyuma yake akikimbia kupanda kilima, na alipofika akajilaza kwenye reli mbele ya kigari.

Watu hawakutawanyika safari hii. Walisimama wakicheka, wengine wakasonya. Abbasi alishuka kutoka juu ya mwamba taratibu, amechoka kabisa na mtu huyu. Sila, akiwa bado amelala, akamweleza kwamba mafuta yaliyopakwa magurudumuni ni baruti, kigari kisisogezwe, hata kwa mkono.

"Umeona jasho?" Abbasi akauliza.

"Sikuona jasho."

"Bwana alikuambia uite ukiona nini?"

"Jasho."

"Basi," Abbasi akasema, na akaagiza pipa.

Sheria ya adhabu ile ilikuwa kwamba kazi isimame na kila mtu aje aone. Wapakiaji wakashuka, wapasuaji wakaacha nyundo, Elieza akatia mawe chini ya magurudumu, na wote wakakusanyika nyuma ya mwamba mkubwa mbele ya kibanda cha mnyapara. Bwana alikuwa ameshuka stesheni. Abbasi akamchagua Elieza kushika mikono, kusudi ukoo mzima upate somo. Elieza alikataa, akasukumwa, akashika. Sila alisikia viganja vya shemeji yake vikiteleza kwenye vifundo vya mikono yake, vikishika upya, vikiteleza tena, na hofu ya utelezi ule ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kiboko. Kiboko kikaanza. Nisiwaeleze kiboko. Kila kiliposhuka Elieza alilia yeye, na Sila alikuwa anasema kwa kupasuka pasuka, usinibane, Elieza, usinibane sana.

Hawakumaliza hesabu. Kule mlimani jiwe moja chini ya gurudumu lilisagika kwa uzito, kigari kikaanza kuteremka chenyewe, kimya kimya, magurudumu yamelainika vizuri kweli. Mtu mmoja alikiona akanyoosha kidole. Kikafika kwenye kona.

Ardhi iliwainua na kuwarudisha. Kisha hakuna aliyesikia kitu, masikio yamejaa mlio, na mawe yakaanza kuanguka kutoka mbinguni, makubwa na madogo, upande wa pili wa mwamba. Vumbi lilipotulia, pale kwenye kona hapakuwa na reli wala kigari, palikuwa na shimo. Nyuma ya mwamba watu wote walikuwa wamelala kifudifudi, wazima. Kama Sila asingekuwa juu ya pipa, Elieza angekuwa kwenye kigari, na wapakiaji wangekuwa wamekifuata nyuma. Abbasi alikuwa amepiga magoti, kiboko bado mkononi.

Sila alijua hayo yote kwa kuchelewa. Alichokijua kwanza ni uso wa Elieza karibu na wake, umejaa vumbi, macho yamemtoka.

"Shemeji," Elieza akasema, "mengine nilimpelekea Hana."

Kibuyu kilikuwa na nusu iliyobaki. Jana usiku amempa mkewe ajipake tumboni, na Hana, kwa furaha, akasema kesho atasaga ngeu, ule udongo mwekundu, achanganye na mafuta hayo vikolee vizuri. Asage. Juu ya jiwe kwa jiwe.

Elieza alitaka kukimbia akimwita mkewe njia nzima mpaka nyumbani kwao Makole. Sila alimkamata nguo. Mgongo wake ulikuwa unavuja, lakini kichwa kilikuwa kimekaa sawa, maana woga aliouzoea maisha yote ulikuwa leo umekuja kazini. Akamwambia wakimbie, ndiyo, lakini bila neno, na wakikaribia nyumbani watembee. Ukimwita atashtuka, akishtuka kitamponyoka. Hukusikia huo mshindo? Naye ameusikia. Labda yuko tayari roho juu. Elieza akajifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe, na hivyo ndivyo walivyokimbia.

Nyumba ilikuwa imesimama. Hilo lilitosha kuwafanya walie, lakini hawakulia. Kwenye ua wa minyaa wakapunguza mwendo. Hana alikuwa mlangoni mwa tembe, ameketi chini, miguu kaitandaza, tumbo mbele yake, kitambaa kakifunga kichwani kwa nguvu kama mtu anayeumwa kichwa. Mbele yake jiwe la kusagia, ngeu imeshakuwa unga. Mkono wa kulia una jiwe dogo. Wa kushoto umeshika kibuyu, kimeinama, na mdomo wake uko karibu na unga.

Sila alimwacha Elieza kwenye ua. Alipita akimwelekezea Hana uso, asione mgongo. Ukelele ulikuwa kooni pale pale, umejaa, unamsukuma meno, naye akaumeza, akaumeza tena.

"Mbukwa, Hana," akasema, kama mtu anayetoka kwa jirani.

Hana akaitikia salamu yake ya Kigogo bila kuinua macho sana. Akasema radi ya leo bila mawingu imemtisha hata mtoto, na kichwa kinamuuma tangu asubuhi, lakini mafuta mazuri haya, kaka, hata hayanuki. Na kibuyu kikainama zaidi kidogo.

Sila akapiga magoti upande wa pili wa jiwe. Akasema ana kiu. Hana akasema ngoja nimimine kwanza. Sila akasema, na sauti ilimtoka ndogo kama ya mtoto, kwamba akingoja ataanguka. Hapo Hana akamtazama. Aliona midomo myeupe, akaona mikono inavyotetemeka, na kwa kuwa amelelewa na mikono hiyo, akalilaza jiwe dogo chini polepole ili ainuke. Kibuyu akawa hajui akiweke wapi. Akatazama jiwe la kusagia.

"Nipe nikushikie," Sila akasema.

Alimpa kama unavyompa mtu kibuyu, tu, bila kuangalia. Kiliteleza. Sila akakipokea kwa viganja viwili, kifuani, akakifuata kinakotaka kwenda badala ya kukikamata, akakaa hivyo mpaka kilipotulia. Hana alikuwa ameshaingia ndani kuchota maji.

Alikwenda nacho korongoni, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyelala. Akafukua mchanga kwa mkono mmoja, akakilaza, akakizungushia miiba watu na mifugo wasifike, na kesho yake Bwana na watu wake walikilipua kwa utambi mrefu. Siku ile aliporudi alimkuta Elieza ameshamweleza mkewe, na Hana ameketi, mikono kaiweka mbali na mwili, hajui aiweke wapi. Alikuwa ameshajipaka asubuhi. Tumbo lote lilikuwa linang'aa.

Walimwosha kwa maji na majivu, kwa viganja, bila kusugua, mchana kutwa. Abbasi alikuja na mtungi wa maji kichwani, yeye mnyapara, akautua, akachota, akaleta tena. Mara moja tu aliinama kwa Sila akauliza amwambie Bwana nini, ni jasho au ni mafuta. Sila akasema amwambie ni kitu kimoja. Nguo na vitambaa vyote vikafukiwa. Mgongo wa Sila hakuna aliyeukumbuka mpaka nzi walipoukumbuka. Na muda wote huo Hana hakuuliza habari ya baruti. Alikuwa ametega sikio kwa ndani, kwa sababu tangu mshindo ule mtoto alikuwa hajacheza.

Jua lilipoinama Hana akashtuka, akashika tumbo. Elieza akaruka. Sila akarudi nyuma mpaka ukutani. Hana akamwita kwa mkono, akauchukua mkono wa kaka yake aliyemlea kwa uji, akauweka ubavuni. Kitu kikapiga teke kutoka ndani, kwa nguvu, kikapiga tena. Elieza akaanza kucheka na kulia vyote pamoja.

Sila aliuondoa mkono wake taratibu sana, kidole kimoja kimoja.

"Mwambie atulie," akanong'ona.